Bi Lebo na Jicho Langu la Kushoto

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu husema nikijigonga kwenye mlango, naugombeza mlango. Kwa hiyo msije mkadhani nimegeuka malaika kwa sababu nimeketi kumsifu mtu. Mtu huyo nimemsumbua miaka sita mizima, na leo asubuhi nimesoma gazeti kwa macho mawili kwa ajili yake, na hakuna mahali alipowahi kuandikwa isipokuwa kwenye orodha ya zamu.

Tunamwita Bi Lebo. Ni mtunza stoo ya kemikali pale kiwandani kwetu. Kiwanda chenyewe si kikubwa. Tunatengeneza sabuni ya maji, dawa ya kusugulia sakafu na dawa kali ya kuondoa mafuta yaliyoganda kwenye majiko ya hoteli. Kuna matangi matatu, ofisi moja yenye feni inayolalamika, pikapu moja uani, na stoo yake iko kona ya nyuma ambako jua halifiki. Yeye anatoa kemikali, mimi nachanganya. Tukikorofishana kiwanda chote kinasikia, na sisi tulikuwa tunakorofishana kila siku ya Mungu.

Ni mwanamke mfupi, koti lake la kazi amelikunja mikono mara mbili, viatu vya mpira, na shingoni amening'iniza kalamu ya wino usiofutika kwa kamba ya kiatu. Hakuna chombo stoo kwake kisicho na lebo: jina la kitu, kilifunguliwa lini, kinadhuru nini. Mpaka kopo la sukari ya chai lina lebo: SUKARI. SI CHUMVI. IMEFUNGULIWA JUMANNE. Siku moja nilimbandikia karatasi mgongoni: BI LEBO. USITIKISE. Watu walivunjika mbavu. Saa saba mchana akaigundua, akaivua, akaisoma polepole, akasema, "Mjinga ameandika vizuri, ila hakuweka tarehe." Akaandika tarehe, akajibandika mwenyewe kifuani, akakaa nayo mpaka jioni. Nilinywea kabisa.

Jicho lake la kulia ni la kioo. Usipoambiwa hutajua haraka, lakini yeye hafichi. Kila mfanyakazi mpya humpeleka uani kwenye bomba la kuoshea macho, lile lenye midomo miwili inayotazama juu, humsimamisha hapo na kumsimulia. Nami alinisimulia siku yangu ya kwanza, nikiwa nimeweka mikono mfukoni, nataka amalize nikaanze kazi.

Zamani alikuwa mfagizi kwenye karakana moja ya sabuni. Kulikuwa na jagi juu ya rafu, halina jina wala alama. Alilishusha ili apanguse vumbi, kilichokuwa ndani kikamrukia jichoni, kiasi cha kijiko cha chai tu. "Wenzangu walinibeba wanne," alisema, "wakakimbia nami mpaka barabarani wakasimamisha gari. Dakika arobaini mpaka hospitali. Njia nzima wananishika mkono, wananipepea, mmoja akanifunga jicho kwa leso yake mpya. Hakuna aliyenimwagia hata kikombe cha maji. Daktari akauliza, ni kitu gani hiki? Hakuna anayejua. Walinipenda sana wale, fundi. Walinipenda mpaka nikapofuka."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia. Tangu hapo, aliniambia, akaapa kwamba hatashika kitu asichokijua jina. Shule aliiacha mapema, kusoma kulikuwa kwa kubabaisha, basi kila jioni akawa anakaa mezani na dada yake, fundi wa kushona sare za shule, wanasoma pamoja karatasi za kemikali, silabi kwa silabi. Hadi leo wanaishi hao wawili katika vyumba viwili, na pale ambapo wengine hutundika kalenda wao wametundika karatasi ya namna ya kumhudumia aliyemwagikiwa asidi. Nimeiona kwa macho yangu. Ipo juu ya cherehani.

Sasa kitu chenyewe kilichompofusha, baada ya kupita miaka akakigundua kwa harufu tu, ni kile kile tunachokitumia sisi. Kinaitwa monoethanolamini. Jina ni refu mno, sisi tumelikata tukabaki na monoetha. Ni kama maji, ila mazito kidogo, hayana rangi. Kwenye ndoo utadhani glisirini ya kupaka. Harufu ndiyo inayokuonya: inapanda puani kama banda la kuku lililofungwa wiki nzima. Na ina kazi, jamani! Inakutana na asidi ya sabuni tangini, inaituliza, sabuni inapatikana hapo hapo, na tangi linapata joto mpaka huwezi kuliegemea. Mafuta yaliyoganda kwenye jiko inayang'oa. Bi Lebo alinieleza kwamba kule wanakosafisha gesi iliyochimbwa ardhini, gesi hupitishwa kwenye monoetha, nayo inakamata zile hewa chafu na kuiacha iliyo safi ipite. Wasagaji wa saruji nao huweka jamaa zake kidogo ili unga usishikane. Hata kwenye rangi za nywele imo, ndiyo maana siku hizi nyingine hazikutoi machozi saluni.

"Ni mfanyakazi mzuri huyu," alikuwa anasema, akiligusa pipa kwa kiganja chenye glovu. "Lakini hana masihara." Asubuhi za baridi kali huganda ndani ya pipa, na yeye hulihamishia chumba chenye joto siku moja kabla, kwa sababu kuwasha moto chini ya pipa ni wazimu. Inanyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo kifuniko hakikai wazi. Mvuke wake unakwaruza koo. Inaunguza ngozi, na jicho ndiyo kabisa. Tena inakula shaba. Kwenye pipa alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kama za tangazo la uchaguzi: KOKI NI YA CHUMA CHA PUA TU. USIFUNGE SHABA.

Niliisoma lebo hiyo kila siku. Ndiyo maana nikisimulia hapa naona aibu mpaka masikioni.

Koki ya chuma cha pua ilianza kuvuja. Kuagiza nyingine kulikuwa kunachukua wiki mbili, na mimi wiki mbili ni umri wa mtu. Bi Lebo akachukua likizo ya siku nne kumuuguza dada yake. Mimi nina koki nyumbani, ya shaba ya manjano, nzito, nzuri, inang'aa. Nikaifunga siku ya pili ya likizo yake. Halafu, sikilizeni ujinga wa mtu mzima mwenye watoto watatu: nikachukua rangi ya kijivu iliyobaki tulipopaka milango, nikaipaka ile koki ili Bi Lebo akirudi adhani ni chuma. Nilipaka mara mbili. Nikasimama nyuma nikaitazama nikajipongeza.

Akarudi, akapita, akaona haivuji, akafurahi. Akaniambia, "Ahsante fundi, leo umefanya kazi ya maana." Nami nikapokea ahsante yake bila kuona haya.

Wiki ya nne nikaanza kuona monoetha inatoka na ubluu kidogo. Nikasema ni ndoo, tulikuwa tumetilia rangi ya sabuni humo. Kumbe ilikuwa shaba inatafunwa kutoka ndani, huku nje rangi yangu ya kijivu inapendeza.

Wiki ya tano, Alhamisi, mnamo saa nne kasorobo asubuhi, koki ikagoma kufunguka. Nikachuchumaa mbele yake, nikaishika kwa mikono miwili, nikaisokota kwa zile hasira zangu. Miwani ya kinga nilikuwa nayo, ila ilikuwa juu ya paji la uso, kwa sababu ilikuwa inashika ukungu na mimi sipendi kusumbuliwa. Nikasikia "ka!" Koki ikavunjika, nusu ikabaki mkononi mwangu, na monoetha ikaniruka usoni. Jicho la kulia niliwahi kulifumba. La kushoto halikuwahi.

Maumivu yake siwezi kuyapamba. Nilipiga ukelele ambao mke wangu anasema angeusikia nyumbani kama upepo ungekuwa unaelekea huko. Niliinuka nikagonga rafu, nikaanguka, nikainuka. Kisha nikahisi mkono umenikamata ukosi kwa nyuma, mkono mdogo lakini ni koleo, ukanikokota nje, ukaniinamisha, na maji yakaanza kunipiga machoni kutoka chini.

"Fungua jicho!"

"Siwezi!"

"Sikukuuliza kama unaweza." Na vidole vyake viwili vikanifumbua kope kwa nguvu, moja juu, moja chini. "Tazama juu. Tazama chini. Tazama kwangu. Tazama ukutani. Moja, mbili, tatu, nne..."

Alikuwa anahesabu mpaka sitini, akifika anasema "dakika", anaanza tena. Wenzangu wakajaa uani. Mmoja akapiga kelele maziwa yaletwe. "Maziwa kanywe wewe!" Bi Lebo akamjibu. "Maji tu. Nendeni mkalizuie pipa, vaeni glovu. Kumi na nane, kumi na tisa..."

Dereva wa kiwanda ni kaka wa mke wangu. Shemeji yangu huyo ana roho nyepesi, akiona damu ya kuku anakaa chini. Nikasikia pikapu imewashwa, nikasikia miguu yake, sauti inatetemeka. "Mama, mwachie nimpeleke hospitali. Tunamchelewesha, mama, nakuomba."

"Hajachelewa. Yupo mahali anapotakiwa kuwa."

Wakaja wanaume watatu kunishika waninyanyue. Walikuwa na nia njema kabisa. Nami nilitaka wanichukue! Niliamini kwamba huko hospitali kuna dawa, kuna sindano, kuna mtu wa kuyakatiza maumivu yale, na mwanamke huyu mkaidi amenishikilia kwenye bomba kama mtu anayefua kapeti. Bi Lebo akageuza kichwa kuelekea getini, akamwita mlinzi kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. "Geti lisifunguliwe mpaka nitamke mimi! Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama," mlinzi akajibu, na nikasikia komeo.

Hapo ndipo nilipopoteza akili. Nilimpiga kiwiko. Nilimkanyaga mguu. Hakuniachia. Basi nikatafuta pa kumuumiza zaidi, na mdomo wangu huo, Mungu anisamehe, ukapapata. Nikapiga kelele mbele ya kiwanda kizima, "Unataka niwe chongo kama wewe! Roho inakuuma kuona watu wana macho mawili!"

Vidole vyake juu ya kope zangu vilisita kidogo, labda kwa pumzi mbili. Halafu vikashika tena kama mwanzo.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu."

Nguvu ziliniisha, nikabaki naning'inia mikononi mwake, natazama juu, natazama chini, natazama ukutani. Mwishowe akasema, "Basi. Fungueni geti." Akaibandua lebo kwenye pipa, akapanda nyuma ya pikapu pamoja nami, na njia nzima aliendelea kunimwagia maji jichoni kidogo kidogo kutoka kwenye chupa. Shemeji aliendesha huku analia. Bi Lebo akamgongea kioo amwambie alie baadaye, sasa atazame barabara.

Hospitali daktari wa macho alipouliza ni kitu gani, Bi Lebo alimpa ile lebo mkononi. Alikuwa daktari kijana, mpole. Aliisoma, akaweka kikaratasi kidogo ndani ya kope langu, akakiangalia kilivyobadilika rangi, akaniosha tena kwa dripu nzima ya maji ya chumvi, akapima tena mpaka akaridhika. Akanieleza kwamba vitu vya aina ya magadi makali ni vibaya kwa jicho kuliko asidi nyingi. Asidi ikiunguza, mara nyingi hujizibia njia yenyewe. Hii huzidi kuzama ndani, dakika kwa dakika, mpaka iishe au iondolewe. "Kioo cha jicho lako kimeungua juu juu," akasema. "Kama kitapona au la, tutajua baada ya siku sita. Siwezi kukuahidi."

Siku sita hizo sitaki kuzikumbuka, lakini nitazisema. Jicho limefungwa, mke wangu ananidondoshea dawa kila saa kwa kengele ya simu, mimi nimelala nawaza. Mchanganyaji mwenye jicho moja hachanganyi. Mstari wa kipimo kwenye ndoo unautazama kwa jicho moja, unakudanganya. Nilikuwa namwangalia mke wangu kwa jicho lililobaki, nikifikiri hivi ndivyo Bi Lebo anavyotuona sote, na wala hajawahi kulalamika.

Siku ya tatu mlinzi alikuja kunijulia hali. Akakaa ukingoni mwa kitanda, kofia gotini. "Fundi, nimeandika kwenye kitabu cha geti," akasema. "Kelele zako, saa tatu na dakika hamsini. Gari kutoka, saa nne na dakika kumi na tisa. Nusu saa kasoro dakika moja! Mwenyewe anatufundisha dakika ishirini. Sijui kwa nini safari hii alizidisha." Mke wangu akasema huenda ni kwa sababu mimi ni mkaidi, huhitaji kuoshwa zaidi. Tukacheka, lakini mimi sikucheka sana. Nilikuwa nakumbuka maneno yangu.

Siku ya sita daktari akanifungua. Kwanza ukungu, kisha ukungu ukagawanyika, nikaona herufi ukutani. Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne nikausoma nusu. Daktari akaniangalia ndani ya jicho kwa taa yake muda mrefu, akashusha pumzi. "Limepona," akasema. "Aliyekuosha ni nani? Yule mama? Mshukuru. Ni ule muda wa pale pale, kabla ya gari. Angekuosha dakika kumi tu akakuleta, sidhani kama leo tungekuwa tunazungumza hivi. Hata kwa ishirini ningekuwa na wasiwasi. Kitu kile kilikuwa kingi." Mke wangu alipiga magoti pale pale juu ya vigae. Mimi nilimshika daktari mkono nikasahau kuuachia.

Jumatatu nikarudi kazini. Sikwenda kwenye matangi, nilikwenda stoo moja kwa moja, nimevaa miwani ya kinga mahali pake. Bi Lebo alikuwa anaandika. Juu ya rafu, usawa wa macho, kulikuwa na chupa ya kioo na ndani yake ile koki yangu iliyovunjika, rangi ya kijivu imekwanguliwa upande mmoja, shaba inaonekana, imekuwa bluu na imetoboka kama mfupa mkavu. Lebo yake: KOKI YA SHABA. ILIDUMU WIKI TANO. Jina la aliyeifunga halikuwepo.

"Mama," nikasema, "koki ile niliifunga mimi. Nikaipaka rangi ili usiione."

"Najua. Baada ya ajali niliikuta brashi, uliirudisha bila kuiosha." Hakuinua kichwa. "Meneja aliniuliza nani. Nikamwambia amngoje mwenye jicho apone amwambie mwenyewe."

"Nitamwambia leo." Na nilimwambia, na barua ya onyo nilipewa, na nilistahili. "Lakini kuna jingine, mama. Yale niliyokutamkia pale kwenye bomba." Mimi ninayegombeza milango, maneno yalinikwama. "Labda kwa zile kelele hukusikia."

Akaweka kalamu chini. Akanitazama, na nikaona kwamba jicho lake lile moja limejaa.

"Nilisikia," akasema. "Ningekosaje kusikia, ulinipigia kelele sikioni. Maneno yalinichoma, fundi, sitakudanganya. Nilikuwa nimefika dakika ya tisa. Ulipoyasema, hesabu yote ikanitoka kichwani. Sikujua tena kama ni tisa au ni tano. Nikajisemea, bora nirudi mwanzo kuliko kukisia kwenye jicho la mtu. Nikaanza tena dakika ishirini upya."

Nilisimama pale nikipiga hesabu yangu mwenyewe. Tisa, na ishirini. Daktari na wasiwasi wake. Kisha nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya mapipa, sijali nani anapita, na miwani ya kinga ikajaa ukungu nisione hata mlango.

"Ivue uifute," Bi Lebo akasema, akinipa kitambaa, sauti yake nayo haikuwa sawa. "Halafu uivae tena, unisaidie. Kuna mapipa mawili yameletwa na hayana lebo."